Silinda namba moja iko upande gani? Fundi wa Chake anajibu

Mwezi huu barua nyingi zilizonifikia gereji zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: silinda za injini zinahesabiwa kuanzia wapi, na kwa nini haziwaki kwa kufuatana. Kwa hiyo safu nzima nimeipa jambo hilo. Walioniuliza kuhusu breki na rangi wanivumilie hadi toleo lijalo.

*Assalamu alaykum fundi. Nina Corolla ya injini ya 5A, ile yenye distributa ya kugawa cheche kwa plagi. Jumamosi niliona vichwa vya waya za plagi vimefanya unga mweupe, nikazichomoa zote nne kwa pamoja nikazisafisha kwa msasa. Wakati wa kurudisha nilizipanga moja, mbili, tatu, nne kuzunguka kifuniko cha distributa. Sasa gari likiwaka linatetemeka kama mgonjwa wa homa, na bomba la moshi linapiga mishindo mpaka watoto wa jirani wanakimbia. Jirani mwenyewe kaniambia, "Ni moja, tatu, nne, mbili." Lakini moja ni ipi, hakusema.*
*Mwenye Corolla, Wete*

Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Kabla ya yote, acha kulipigia stata. Kila ukipiga, petroli isiyoungua inateremka kwenye kuta za silinda na kuosha oili inayozilinda, na nyingine inakwenda kuungulia ndani ya bomba la moshi. Kama masega ya kusafisha moshi ndani ya bomba lako bado yapo, moto huo utayayeyusha.

Sasa tutenganishe mambo mawili ambayo jirani ameyatia kapu moja. Namba ya silinda ni mahali inapokaa. Mfuatano wa kuwaka ni zamu yake. Mimi nimekulia Mtambile, na jioni nilikuwa nikimtazama mama, shangazi na bibi wa nyumba ya pili wakitwanga mpunga, michi mitatu kinu kimoja. Kila mmoja alikuwa na mahali pake pa kusimama, na hapabadiliki. Lakini mchi wa nani ushuke baada ya wa nani, hiyo ilikuwa habari nyingine, na wakiishika kwa sikio: tu, tu, tu, bila ya pengo. Akija mtu akapokea mchi na kuuteremsha kwa zamu isiyo yake, michi inagongana juu ya kinu, mpunga unaruka nje, na mkono wa mtu unaumia. Hivyo ndivyo injini yako ilivyo sasa.

Tuanze na mahali. Fungua boneti, simama mbele ya gari uso umeelekea kioo. Injini yako imelazwa kwa upana wa gari. Mkono wako wa kushoto, upande wa usukani, utaona mikanda na puli ya kranki, ile shafti inayozungushwa na pistoni. Silinda iliyo karibu kabisa na mikanda hiyo ndiyo namba moja. Inafuata mbili, kisha tatu, na ya nne iko mkono wako wa kulia, jirani na gia boksi. Hapa pana mtego uliowanasa wengi: distributa ya 5A imekaa upande huo huo wa gia boksi, ubavuni mwa namba nne. Mtu anaona waya fupi kabisa inakwenda silinda iliyo karibu, anasema hii ndiyo moja. Siyo. Hesabu huanza kwenye puli. Haianzii kwenye distributa, wala upande ambao wewe umesimama.

Sasa zamu. Chomoa plagi zote nne ili injini izunguke laini. Weka gumba la mkono juu ya tundu la plagi namba moja, uzibe vizuri, na mwenzako azungushe puli kwa spana ya soketi, taratibu, kwa mwelekeo wa mishale ya saa ukiitazama puli kwa mbele. Kwanza hutasikia kitu. Halafu upepo utaanza kukusukuma gumba, utazidi, mpaka utoke kwa nguvu pembeni ya kidole na harufu ya petroli. Hapo pistoni namba moja inapanda kukandamiza. Mwambie mwenzako aendelee kidogo kidogo mpaka alama ya kwenye puli ikutane na sifuri iliyoandikwa kwenye kifuniko cha taimingi. Simama hapo.

Usiliruke hilo la gumba ukategemea alama peke yake. Alama hufika sifuri mara mbili kabla ya kila silinda kumaliza zamu yake: mara moja namba moja ikiwa tayari kuwaka, na mara nyingine ikiwa namba nne ndiyo tayari, na pistoni ya moja ipo juu kwa ajili ya kutoa moshi tu. Jicho haliwezi kuzitofautisha. Gumba linaweza.

Fungua kifuniko cha distributa utazame rota, kile kidole kinachozunguka ndani, inaelekea wapi. Tundu la kifuniko linalokaa juu ya ncha ya rota ndilo la waya ya namba moja. Kisha mwenzako azungushe puli kidogo tena, na wewe utazame rota inazungukia upande gani. Usikisie, tazama kwa macho. Kwa mwelekeo huo huo, tundu linalofuata ni la tatu, kisha la nne, kisha la pili. Ukimaliza jikague hivi: kwenye kifuniko, moja itazamane na nne, na tatu itazamane na mbili. Kama hazitazamani hivyo, umekosea mahali.

Ulitaka kujua pia kwa nini linapiga mishindo, na mimi nafurahi ukiuliza, kwa sababu anayejua kwa nini hatasahau. Ulipopanga moja, mbili, tatu, nne, waya moja tu ilikaa pake, ile ya namba moja. Ilipofika zamu ya tatu, cheche ikapelekwa kwa mbili, na mbili wakati huo valvu zake za kuvuta ndiyo zinafunguka. Hicho ndicho kikohozi unachokisikia kwenye njia ya hewa. Tatu ikabaki na petroli yake imekandamizwa na haikuwashwa. Nusu duru baadaye cheche inaifikia, lakini pistoni sasa ipo chini na valvu ya kutoa moshi inaanza kufunguka. Petroli inashika moto mlango ukiwa wazi, na moto unatoka nao. Nne nayo inafanyiwa hivyo hivyo. Mishindo inayowakimbiza watoto wa jirani ni silinda ya tatu na ya nne.

Ule unga mweupe ni chumvi. Sisi visiwani tunaishi nayo, inaingia kwenye kila kichwa cha waya. Utasafisha tena baada ya miezi michache, lakini safari hiyo chomoa waya moja, isafishe, irudishe, ndiyo uende kwa ya pili. Au zungushia kila waya tepu nyeusi na uiandike namba kwa rangi nyeupe. Usiku, boneti ikiwa wazi na taa za nje zimezimwa, washa injini utazame. Ukiona vimulimuli vya buluu vinaruka kutoka kwenye waya kwenda kwenye chuma, hiyo waya imekwisha, hata ukiisafisha haitapona.

*Fundi, mimi ni dereva wa teksi Amani, Unguja. Gari ni Ist, injini ya 1NZ. Taa ya injini iliwaka, linamisi hasa nikipanda kilima nikiwa na abiria wanne. Mashine ya kupimia ikatoa P0302. Fundi akaniambia koili ya pili, ile inayoipa plagi umeme, imekufa, nikanunua, akaifunga. Misi iko pale pale. Akasema koili niliyonunua ni mbovu, nikanunua nyingine. Bado. Sasa anasema tushushe injini. Mimi pesa zimeniishia.*
*Dereva wa Ist*

Pole sana kaka. Usishushe injini.

Mashine imesema kweli. P0300 ni misi, yaani kukosa kuwaka, isiyojulikana ni ya silinda gani, na zinazofuata zinataja silinda kwa tarakimu ya mwisho: P0301 ni ya kwanza, P0302 ya pili, mpaka mwisho. Suali langu ni moja: hizo koili zako mbili zimefungwa silinda ipi? Injini yako nayo imelala kwa upana, puli iko upande wa usukani. Mbili ni ya pili kutoka hapo. Kama fundi wako alisimama upande wa kushoto wa gari, akahesabu kutoka kwenye gia boksi kwa sababu ndipo alipoegemea, basi ya pili yake ni ya tatu ya gari. Umeinunulia koili mpya silinda iliyokuwa nzima, mara mbili.

Siandiki hili kumshutumu mwenzangu, kwa sababu limenifika mimi. Nilikuwa kijana, nikaletewa Honda ya zamani yenye misi. Nilizoea Toyota, mikanda upande wa kulia wa gari, nikahesabu kutoka kulia kwa mazoea. Honda nyingi za wakati ule mikanda yake iko upande wa kushoto, na injini yenyewe inazunguka kinyume na nyenzake. Siku nzima nilifanya kazi kwenye silinda ya nne nikiamini ni ya kwanza, na mwenye gari alikuwa amekaa kwenye benchi akinisubiri ili awahi boti. Boti ilimwacha. Tangu siku hiyo, kabla sijashika koili wala waya, naitafuta puli kwanza kwa macho, hata kwa gari ninalolijua.

Wewe fanya hivi, na hakuna gharama. Chukua koili ya silinda ya pili ya kweli, uibadilishe na ya silinda ya kwanza. Futa ile namba ya kosa kwenye mashine, endesha mpaka misi irudi, kisha pima tena. Ikitoka P0301, koili ndiyo mbaya, imehama na ugonjwa wake, na moja kati ya zile mbili ulizonunua itakufaa. Ikibaki P0302, koili ni nzima. Badilishana plagi kwa njia hiyo hiyo, kisha ndiyo utazame nozeli ya petroli na upepo wa silinda.

*Shikamoo fundi. Nasomea ufundi wa magari hapa Chake. Mwalimu ametufundisha 1-3-4-2 tuikariri. Nilipouliza kwa nini isiwe 1-2-3-4 darasa lilicheka. Nataka kujua kweli.*
*Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza*

Marahaba mwanangu. Suali lako ni zuri kuliko majibu mengi ninayoyasikia, usikubali likunyamazishe.

Kila pistoni ina kazi nne: kuvuta, kukandamiza, kuwaka, kutoa. Kazi nne hizo zinachukua duru mbili za kranki. Silinda ni nne, kwa hiyo ili mwendo uwe sawa lazima moja iwake kila nusu duru. Sasa itazame kranki yenyewe, ukipata iliyotolewa iweke mezani uishike. Mikono ya moja na nne imeelekea upande mmoja, ya mbili na tatu upande wa pili. Moja na nne hupanda pamoja na kushuka pamoja, na mbili na tatu vile vile.

Anza moja iwake. Nusu duru baadaye ni nani wapo juu? Mbili na tatu tu. Nne hawezi, yuko chini pamoja na moja. Kwa hiyo anayefuata ni ama tatu ama mbili. Tuseme tatu. Nusu duru nyingine, juu wapo moja na nne; moja ndiyo kwanza amemaliza kuwaka na anatoa moshi, basi ni nne. Anayebaki ni mbili. Umepata 1-3-4-2. Ungeanza na mbili ungepata 1-2-4-3, na hiyo nayo ni halali, zipo injini za Ford za zamani zinazowaka hivyo. Ya tatu hakuna, kwa kranki ya namna hii. Na 1-2-3-4 haiwezekani kwa sababu mbili na tatu hupanda pamoja. Hawawezi kupokezana kwa nusu duru. Kati ya zile mbili halali, inayochagua ni kamshafti, kwa namna vichwa vyake vilivyochongwa kufungua valvu.

Ukishalielewa hilo, ya silinda sita utaitoa mwenyewe. Pale wanaopanda pamoja ni moja na sita, mbili na tano, tatu na nne. Kila jozi ukiijumlisha unapata saba. Injini za petroli za Toyota za sita kwa mstari, kama 1G, zinawaka 1-5-3-6-2-4. Andika nusu ya kwanza, 1-5-3, na chini yake 6-2-4, utaona jozi zimekaa juu na chini. Dizeli ya 1HZ ya Land Cruiser inawaka 1-4-2-6-3-5. Jaribu nayo, jozi ni zile zile. Dizeli haina cheche, lakini mabomba ya nozeli kutoka kwenye pampu yanafuata zamu hiyo hiyo. Mwombe mwalimu wako ruhusa uwaonyeshe wenzako ubaoni.

*Fundi, Harrier yangu ni V6. Koili za mbele naziona tatu, za nyuma sizioni. Zinahesabiwaje?*
*Mama wa Mkoani*

Dada yangu, kwenye Harrier ya injini ya 1MZ namba zinakwenda kwa kuruka upande. Moja, tatu na tano ziko nyuma, zimejificha karibu na ukuta unaotenga injini na chumba cha abiria. Mbili, nne na sita ndizo hizo tatu unazoziona karibu na redieta. Zote zinaanzia kwenye puli. Zamu yake ni 1-2-3-4-5-6, inaonekana kama imenyooka, lakini kwa sababu ya namba zilivyogawiwa, cheche inaruka nyuma na mbele, nyuma na mbele. Gari jingine la V6 linaweza kugawiwa tofauti, moja mpaka tatu upande mmoja na nne mpaka sita upande wa pili, kwa hiyo usichukue ya Harrier ukaipeleka kwa jirani mwenye Ford. Subaru ya silinda nne zilizolala nayo ina yake: moja na tatu kulia, mbili na nne kushoto, na inawaka 1-3-2-4. Kulia na kushoto kwa fundi ni kwa mtu aliyekaa kwenye kiti cha dereva anatazama mbele.

Injini za V ndizo zilizonifundisha kwamba zamu na mahali vinaweza kugombana. Niliwahi kuitengeneza Land Rover ya V8 iliyokuwa ikibeba karafuu kutoka Konde. Zamu yake ni 1-8-4-3-6-5-7-2, namba za witiri zote upande wa kushoto. Nilipomaliza nilizipanga waya zake, nikazifunga pamoja kwa kamba, nadhifu, nikajisikia vizuri. Wiki ile ile ikarudi, inakosa, na mvua ikinyesha inazidi. Plagi nzima, koili nzima, waya mpya. Usiku wa tatu ndipo nilipoikunjua ile kamba. Tano na saba zinakaa bega kwa bega, na kwenye zamu saba inawaka mara tu baada ya tano. Waya zao zikilala pamoja kwa urefu, umeme wa tano unaiamsha waya ya saba kabla ya wakati wake. Nilizitenganisha, nikapitisha waya ya mojawapo juu ya nyingine kwa kuikatiza, na misi ikaisha pale pale. Nilizimaliza siku tatu na petroli ya mtu kwa kamba niliyoifunga mwenyewe.

*Mwalimu wangu, mimi ni mvuvi Kojani. Mashine yangu ya boti ni ya silinda mbili. Plagi ya juu inatoka imelowa nyeusi, ya chini kavu ya kahawia. Vijana wanabishana ipi ni namba moja.*

Shikamoo mzee wangu. Kwenye mashine ya boti kranki imesimama wima, na namba moja ni ya juu. Iliyolowa ndiyo isiyowaka, kwa hiyo mgonjwa wako ni namba moja. Mashine hizi nyingi zinawaka kila duru, hazina kazi nne kama gari. Badilishana plagi ya juu na ya chini. Unyevu ukihamia chini, nunua plagi. Ukibaki juu, tazama waya na koili ya juu kwanza, kichwa chake hakikosi chumvi, ndiyo baadaye uende kwenye kabureta. Na mjaribie ufukweni mkia wa mashine ukiwa ndani ya pipa la maji. Pampu ikizunguka kavu, mpira wake unakatika kwa muda mfupi, na hutajua mpaka uko nje ya mwamba mashine inachemka.